Operesheni Kijiko

Haya yalitokea zamani kidogo, lakini si zamani sana, maana suti aliyoivaa Waziri siku ile mpaka leo haijarudi kutoka kwa dobi. Yalitokea katika nchi ambayo jina lake sitalitaja. Si kwamba naogopa. Wenyewe ni watu wa haya, na wakisikia wanasifiwa mbele za watu hukasirika.

Nchi hiyo ilikuwa na kila kitu: bendera, wimbo, uwanja wa mpira wenye nyasi upande mmoja, na maskini. Maskini walikuwa asilimia arobaini na moja kwa hesabu ya mwisho, na Serikali iliwapenda sana, ikawa inawaundia mkakati mpya kila mwaka. Umaskini wenyewe ulipimwa kwa mstari. Mtu aliyetumia chini ya kibaba cha unga, kijiko cha mafuta na kipande cha sabuni kwa siku, huyo alihesabiwa yuko chini ya mstari. Waziri wa kwanza aliyepewa kazi hiyo aliona dawa ni kuushusha mstari. Akaushusha kidogo kidogo, mpaka ikafika mahali mtu akitaka kuwa maskini ilimlazimu achimbe. Wataalamu wa nje wakanung'unika, mstari ukarudishwa. Waziri wa pili akapiga marufuku neno maskini, akaagiza aitwe tajiri anayesubiri. Matajiri wanaosubiri wakasubiri. Waziri wa tatu ndiye Profesa Mtawali, na hadithi hii ni yake kwa upande wa suti tu. Kwa mengine yote ni ya kijana mmoja aitwaye Hemedi Lugendo.

Hemedi alikuwa na shahada ya takwimu na kochi la kulalia. Shahada ilikuwa yake, kochi lilikuwa la shemeji yake, mume wa dada yake. Kwa miaka saba kila taarifa ya habari ilipoanza, Hemedi alikunja miguu ili shemeji apate pa kukaa, na kila ilipokwisha shemeji alimuuliza, kwa upole kabisa, kama leo kuna barua yoyote imekuja. Hakuwa mtu mbaya yule shemeji. Upole wake ndio uliokuwa unaua. Hemedi hakutamani gari wala ghorofa. Alitamani ajira ya kudumu na chumba chenye mlango ambao ufunguo wake anao yeye.

Sasa mwaka ule Mlezi wa Taifa, ambaye alikuwa madarakani tangu uhuru na hakuona sababu ya kumsumbua mtu mwingine, alisimama jukwaani akatangaza kwamba umaskini utakwisha siku ya Jubilei ya miaka hamsini, saa sita kamili mchana, kabla ya chakula. Hotuba haikuandikwa hivyo. Iliandikwa kwamba umaskini utapungua, lakini Mlezi alikuwa ameacha miwani nyumbani. Akishasema Mlezi, imekwisha. Ikabaki miezi mitatu.

Profesa Mtawali alimwita Mkurugenzi wa Takwimu, mama mmoja mtaratibu aitwaye Daktari Yustina, akamuuliza ni nani hasa anayewahesabu hawa maskini na kama anaweza kuzungumza naye. Daktari Yustina akamweleza kwamba nchi ina kaya laki nne na themanini elfu, na hakuna awezaye kubisha hodi kwenye milango yote hiyo. Kwa hiyo huchaguliwa kaya chache kwa bahati nasibu, zikaulizwa zinakula nini na zinatumia nini, na kutokana na hizo hujulikana hali ya wote. Walikuwa wamepanga kaya elfu sita. Bahati mbaya bajeti ilikwenda kwenye semina elekezi ya siku tisa kuhusu kubana bajeti, ikabaki ya kaya mia moja.

"Mheshimiwa, mama akipika mchuzi hanywi chungu kizima ili ajue kama umekolea," alisema Daktari Yustina. "Anaonja kijiko kimoja. Hizi kaya mia ndizo kijiko chetu. Kila moja inasimama badala ya kaya elfu nne na mia nane."

Waziri alianza kuhesabu kwa vidole. Wanaomjua wanasema hajawahi kuhesabu muda mrefu vile tangu mtihani wa darasa la saba. Kisha akauliza taratibu, "Kwa hiyo mchuzi ukiwa hauna chumvi, nami nikatia chumvi kwenye kijiko tu, chungu chote kimekolea?"

Daktari Yustina alisema hapana, chungu kitabaki vilevile, ila kijiko ndicho kitakuwa kimeharibika. Lakini Waziri alikuwa ameshainuka, ameshamshika mkono kwa mikono yake miwili na kumwambia kwamba taifa halitamsahau. Kesho yake Daktari Yustina akapewa likizo ndefu ambayo hakuiomba, na Operesheni Kijiko ikazaliwa. Kuinua nchi nzima juu ya mstari kungetaka miaka, viwanda, mvua na watu wanaofika kazini mapema. Kuinua kaya mia moja kulitaka malori ishirini.

Wadadisi mia moja wakaajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu, na Hemedi akawa mmoja wao. Kila mmoja alipewa kofia, mkoba, mwavuli, na kaya moja ya kwake peke yake. Walifundishwa wiki mbili katika ukumbi usio na feni, wakipitishwa kwenye dodoso la kurasa tisini na nne. Lilikuwa dodoso zuri, lililofikiriwa na watu walioshiba. Swali la ishirini na moja liliuliza jana kaya imekula milo mingapi, na la ishirini na mbili likaagiza kwamba kama kaya haikula, itaje ilikula nini. Kulikuwa na swali la aina za jibini zilizomo ndani ya nyumba, na jingine la kujua kama mwenye nyumba huridhika na bwawa lake la kuogelea: sana, kiasi, au hajui.

Msimamizi wao alikuwa Bwana Tindwa, mtu mnene mwenye kalamu tatu mfukoni, ambaye alilijua dodoso kama wengine wanavyojua sala. Siku ya mwisho aliwasimamisha wote, wakainua mkono wa kulia, wakaapa kwa sauti moja kifungu cha nne: mwanakaya ni mtu yeyote anayekula chungu kimoja na wenzake kwa siku kumi na nne mfululizo au zaidi, na mdadisi haongezi mtu, wala hapunguzi. Baada ya kiapo akamvuta Hemedi pembeni na kufungua jalada la plastiki. Mle ndani mlikuwa na barua ya ajira ya kudumu, imepigwa chapa, ina jina la Hemedi Lugendo kwa herufi kubwa, imebaki sahihi tu. Bwana Tindwa alimruhusu aitazame, lakini hakumruhusu aiguse. Akamwambia kwamba barua hiyo itatiwa sahihi siku kaya yake itakapoonekana iko juu ya mstari, na kwamba Serikali yenyewe itamsaidia.

Kaya aliyopangiwa ilikuwa Mtaa wa Sabuni, nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa, mahali ambapo watu walikuwa bado wanaitana kwa vyeo vya kiwandani: fundi boila, karani wa ghala, mpima magadi. Mkuu wa kaya alikuwa Bi Mashavu, mjane aliyepita miaka sitini, aliyeishi kwa kukaanga mihogo na kuiuza na kachumbari. Alikaa na wajukuu watatu, wote wanasoma shule ya mtaa, ambako kila asubuhi walipewa uji wa bure wa watoto wa maskini. Jumla watu wanne, na hesabu ikaingia kwenye dodoso bila taabu.

Bi Mashavu alijibu maswali yote kwa heshima, hata lile la bwawa. Alisema anaridhika kiasi. Likijaa sana wakati wa masika, maji huingia mpaka uvunguni. Hemedi alipomweleza kwamba yeye hajibu kwa niaba yake tu, bali anasimama badala ya kaya elfu nne na mia nane, mama yule aliacha kumenya mihogo, akajifuta mikono.

"Wanajua?" akauliza.

"Nani, Bibi?"

"Hao elfu nne na mia nane. Wanajua kwamba mimi ndiye wao?"

Hemedi alisema hapana, hawajui, na hakuna haja ya wao kujua, ni mambo ya kitaalamu. Bi Mashavu akatikisa kichwa. Alisema yeye katika maisha yake ameshawahi kuaminiwa sufuria la mtaa, ameaminiwa sanda za chama cha kuzikana, lakini mzigo wa namna hii hajawahi kupewa, tena bila hata kuulizwa. Tangu siku hiyo akawa anapika kama mtu anayetazamwa.

Kesho yake lori likaja. Lilikuwa na bango la picha ya Mlezi akitabasamu kando ya kijiko. Likashusha gunia la mchele, debe la mafuta, sabuni katoni mbili, friji, na seti ya makochi ambayo haikupita mlangoni ikabaki uani. Nyumba haikuwa na umeme. Friji ikawa kabati la kuhifadhia daftari za wajukuu. Kuanzia hapo lori lilikuja kila alfajiri kwa siku ishirini na nane na kushusha mchele kilo ishirini na tano, nyama kilo kumi, mafuta, maharage, na keki yenye bendera ya taifa. Dereva alikuwa na agizo moja tu, nalo aliligawa pamoja na keki: kaya ile vyote ivitumie yenyewe, na mdadisi aviandike vyote kwenye shajara ya matumizi. Kutumia chini ya kiwango kilichotolewa kungehesabiwa ni hujuma.

Siku tatu za mwanzo familia ya watu wanne ilipambana na kilo kumi za nyama. Mjukuu mdogo akaanza kulia akiona sahani. Hemedi naye alikuwa anakaribishwa, na kwa mila za kule mtu akikaribishwa chakula akakataa ni kama amesema kinanuka, kwa hiyo alikula. Kusema kweli alikula kwa moyo wote. Kwa shemeji yake alikuwa amezoea kupakua kijiko kimoja kimoja, akitazama nyuso za watu.

Lakini harufu ya nyama haina kifungu kinachoizuia. Ilipita juu ya ukuta, ikaingia kwa fundi boila ambaye alikuwa anakunywa chai kavu, ikavuka barabara ikaingia kwa mama mwenye mapacha. Siku ya nne Bi Mashavu alisimama uani na mwiko mkononi akasema hawezi. Alisema anasimama badala ya kaya elfu nne na mia nane, na hata kaya ya ukuta wa pili haijala. Huko ni kusimama gani?

Hemedi alimweleza kwa upole kwamba chakula atakachowapa majirani hakitahesabiwa, kwa kuwa majirani si wanakaya. Bi Mashavu akamuuliza mwanakaya ni nani. Hemedi akafungua dodoso na kumsomea kifungu cha nne, kile cha chungu kimoja na siku kumi na nne. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kiofisi, na alipofika mwisho akaona uso wa mama yule umekunjuka.

"Rudia hapo pa chungu," alisema Bi Mashavu.

Hemedi akarudia. Bi Mashavu akamtuma fundi boila akachukue sufuria la shughuli, lile la mtaa, linalopikia misiba na harusi na linalobebwa na wanaume wanne. Likatua uani kati ya makochi. Mchana huo watu thelathini walikula chungu kimoja. Kesho yake mia na tisini. Siku ya saba mtaa mzima ulikuwa pale, na hakuna aliyekuja mikono mitupu: huyu kafika na kisamvu, yule na kuni, karani wa ghala na nusu ya nazi aliyoitunza tangu Jumapili. Vyote vikatiwa sufuriani, na vyote Hemedi akaviandika kwenye shajara, hata ile nusu ya nazi. Ukigawanya lori moja na vikorokoro vya mtaa kwa watu mia tano na hamsini, kila mtu alipata kiganja cha wali na mchuzi wa kulowesha. Hakuna aliyeshiba. Lakini hakukuwa na mtu aliyekaa ndani akisikiliza wengine wakila.

Bwana Tindwa alikuja ukaguzi siku ya kumi na mbili, akaona umati, akadhani ni harusi. Alifurahi. Alisema harusi ni dalili ya uchumi kukua, akapiga picha, akaondoka na keki.

Siku ya ishirini na tano ukaja waraka. Hemedi aliusoma umebandikwa kwenye ukuta wa shule, chini ya saini ya Waziri. Ulisema hivi: kwa kuwa maskini watakuwa wamekwisha ifikapo saa sita kamili mchana siku ya Jubilei, huduma zote za bure kwa maskini, ukiwemo uji wa shule, zitakoma siku hiyo hiyo saa sita na dakika moja, ili kuepuka ubadhirifu.

Alirudi kwa Bi Mashavu akamweleza. Mama yule hakupiga kelele. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaendelea kuchambua.

"Jubilei ni Ijumaa," alisema baadaye. "Sasa Jumatatu watakunywa nini?"

Dodoso halikuwa na swali hilo. Lakini Hemedi alijua kitu kimoja ambacho mama yule hakukijua. Kwenye kaya nyingine tisini na tisa mambo yalikuwa yamekwenda kama yalivyopangwa: kila moja ilikula lori lake mlango ukiwa umefungwa, na zote sasa zilielea juu kabisa ya mstari. Imebaki kaya ya Mtaa wa Sabuni. Akiandika watu wanne, chakula cha watu mia tano kitagawanywa kwa wanne, na Bi Mashavu atatokea kuwa mtu tajiri kuliko wote katika historia ya nchi. Umaskini utakwisha, barua itatiwa sahihi, na Jumatatu Hemedi atatafuta chumba chenye mlango. Uji nao utakwisha.

Usiku ule kwenye kochi hakulala, akawa anamwonea mtu mzima haya, na huyo mtu mzima alikuwa yeye mwenyewe. Asubuhi Bwana Tindwa akampigia simu kumkumbusha kwamba familia ni watu wanne, walikuwa wanne siku ya kwanza, na kijana mwenye akili haanzi kuhesabu upya siku ya mwisho. Alisema barua anayo hapo mezani na kalamu imejaa wino. Shemeji, ambaye alikuwa anasikiliza akijifanya anafunga viatu, aliuliza kwa upole kama ndiyo ile barua.

Siku ya ishirini na nane ilikuwa siku ya kufunga dodoso. Hemedi alifika Mtaa wa Sabuni mchana, akakaa kwenye kochi la Serikali lililokwishanyeshewa mvua mara mbili, akafungua ukurasa wa orodha ya wanakaya. Ulikuwa na majina manne na mistari minane mitupu. Mbele yake watu walikuwa wananawa mikono. Akatoa kikokotoo. Kwanza akagawanya kwa wanne, akapata namba ya kutisha, ya watu wanaokula nyama kilo mbili na nusu kila siku na kuoga kwa vipande kumi vya sabuni. Kisha akagawanya kwa wote. Jibu likatoka dogo, chini ya mstari, karibu sawa na lile la siku ya kwanza kabla lori halijafika. Alilitazama sana lile jibu. Lilikuwa ni Mtaa wa Sabuni wenyewe, umekaa kwenye kioo cha kikokotoo.

Bi Mashavu alimwekea sahani mbele. Hakumuuliza ameandika nini wala hakumwomba aandike nini. Huyu mama, nasema mimi, angeomba chochote siku ile Hemedi angeweza kukataa na kwenda zake. Alisema tu, "Kula, mwanangu, wali unapoa."

Hemedi akala. Akiwa anakula akaanza kuandika, na watu wakaja mmoja mmoja kutaja majina. Safu ya uhusiano na mkuu wa kaya ilikuwa na namba za kuchagua, na namba tisa ilikuwa ndugu mwingine. Fundi boila akawa tisa. Karani wa ghala akawa tisa. Mapacha wakawa tisa na tisa. Ukurasa ulikuwa na nafasi ya watu kumi na wawili, kwa hiyo akaongeza karatasi, na akaongeza tena, mpaka zikafika kurasa arobaini na sita. Alikagua siku za kila mtu kwenye shajara, akamkata mmoja aliyekosa siku mbili kwa kwenda msibani, kwa maana mfululizo ni mfululizo. Alipomaliza akatia lakiri kwenye sanduku, kama walivyoapa.

Bwana Tindwa alipolipokea sanduku lilimwelemea kidogo, akalipima mkononi kwa kuridhika. Alisema hivyo ndivyo kaya iliyoshiba inavyokuwa.

Ijumaa uwanja wa mpira ulijaa pande zote mbili, wa nyasi na wa vumbi. Profesa Mtawali, katika suti nyeupe iliyoshonwa kwa ajili ya saa ile, alikuwa ameagiza mashine ya kuhesabu kutoka nje, akaipa jina la Mkweli, na akatangaza kwamba ili dunia ione uwazi wa Serikali, masanduku yatafunguliwa hadharani na majibu yatatokea kwenye ubao wa taa bila kuguswa na mkono wa mwanadamu. Hakuwa na hofu. Kijiko alikikoleza mwenyewe. Brasi bendi ikapiga, masanduku yakaanza kumezwa na mashine, na kila kaya ikipita ubao ukasoma sifuri, watu wakashangilia. Zilipita kaya tisini na tisa. Mlezi alikuwa ameshaanza kuitazama meza ya chakula.

La Mtaa wa Sabuni lilikuwa la mwisho, kwa sababu ya barabara. Mashine ilipoanza kulila ilitoa sauti ya mtu anayejaribu kukumbuka jambo. Ikachukua watu mia tano na hamsini na mmoja walio chini ya mstari. Ikawazidisha kwa kaya elfu nne na mia nane, kama ilivyofundishwa. Ikapata maskini milioni mbili, laki sita na arobaini na nne elfu na mia nane. Ikawagawanya kwa wananchi wote wa nchi ile, ambao kwa sensa ni milioni mbili na laki nne. Saa sita kamili, kabla ya chakula, ubao ukawaka: maskini ni asilimia mia moja na kumi, nukta mbili.

Bendi iliacha kupiga, isipokuwa mtu wa tarumbeta ambaye alikuwa amefumba macho. Waziri alishtuka, gilasi ya sharubati ya zambarau ikammwagikia kuanzia kola mpaka goti, na ndiyo habari yote ya suti. Lakini msimdharau. Alisogelea kipaza sauti akitiririka, akasema kwa sauti ya ushindi: "Ndugu wananchi, kuna nchi ambazo mpaka leo zinahangaika kufika asilimia mia. Sisi, chini ya Mlezi wetu, tumevuka lengo kwa asilimia kumi na nukta mbili."

Mlezi, ambaye safari hii pia hakuwa na miwani, akapiga makofi. Uwanja mzima ukapiga makofi. Saa sita na dakika moja ikapita, na kwa kuwa kisheria maskini walikuwepo, tena wa akiba, uji haukukoma. Wizara ililazimika kuongeza sufuria moja katika kila sufuria kumi, kwa ajili ya wale maskini waliozidi idadi ya wananchi, na watoto wa shule wakawasaidia kuunywa.

Hemedi aliitwa mbele ya kamati ya watu tisa. Bwana Tindwa alikuwepo na jalada lake la plastiki. Walikuwa wamepitia kurasa zote arobaini na sita kutafuta kosa, wakakuta kila mtu alikula chungu kimoja siku kumi na nne au zaidi, na kila siku imeandikwa. Walikuwa wamebaki na jambo moja tu. Mwenyekiti wa kamati akavaa miwani, akafungua ukurasa wa mwisho, akauliza huyu namba mia tano hamsini na moja ni nani, mbona hana namba tisa kama wengine, ana namba tatu, mtoto wa mkuu wa kaya.

"Ni mimi," alisema Hemedi. "Nilikula pale siku ishirini na nane, hakuna hata moja niliyokosa. Niliapa sipunguzi mtu."

Kamati iliandika kwamba mdadisi amepoteza umbali wa kitaalamu. Bwana Tindwa aliitoa ile barua kwenye plastiki na kuichana mara nne, na nitasema ukweli, Hemedi alilia. Miaka saba si mchezo. Alilia mpaka getini, akarudi kwa shemeji yake akakunja shuka, akasema asante, akaondoka na mkoba na ule mwavuli. Alipofika Mtaa wa Sabuni Bi Mashavu hakumuuliza lolote. Kochi la uani lilikuwa limeshaezekewa bati juu, na fundi boila alikuwa amelipigia mlango wa mbao pembeni, wenye kitasa na ufunguo mmoja.

Mwaka uliofuata Serikali ilirekebisha kifungu cha nne. Kwa kifungu kipya, mwanakaya ni mtu anayekula chungu chake peke yake, mlango ukiwa umefungwa. Mdadisi mpya, binti mwenye kofia inayong'aa, alitumwa Mtaa wa Sabuni kutafuta kaya moja ya namna hiyo. Alitembea siku tatu, nyumba kwa nyumba, akasukuma milango yote na kufunua vyungu vyote, akakosa. Siku ya tatu mchana alikaa kwenye benchi uani kwa Bi Mashavu, amechoka, dodoso liko wazi mapajani, akamuuliza kijana aliyekuwa anakuna nazi kama katika mtaa huu hakuna kaya kabisa.

Hemedi akamsogezea maji ya kunawa.